Pipa Nililoandika Tupu

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako upesi, maana Jumamosi ni zamu ya maji mtaani kwa wifi yangu, na mimi tangu Jumatatu silali. Mimi ni msimamizi wa taka kwenye karakana ya kung'arisha vyuma, nimesomea, ni mwanachama wa chama cha wataalamu wa taka hatarishi, nina muhuri wenye namba yangu, na hakuna pipa linalotoka getini kabla sijaandika lina nini ndani. Sasa pale karakanani pampu ya kunyonya dawa pipani ikishakohoa tunasema pipa tupu, ni neno letu la kila siku, nikalizoea hata nikasahau kwamba chamani tulifundishwa pipa tupu ni lile lililosuuzwa mara tatu likatobolewa, na mwezi uliopita meneja alipotaka kuwagawia wafanyakazi mapipa ishirini ya bluu akaniambia, "Dada, gonga muhuri, hayo si matupu?" nikagonga, tupu, tupu, tupu, mara ishirini, na moja nikalibeba mwenyewe nikampelekea wifi.

Mshauri, huyo wifi ni mwaka wa sita ananiita bibi jalala, hata kikombe nikinywea kwake anakiosha peke yake. Siku ile alinikumbatia akasema, "Wifi, leo umenifaa, wanangu hawatalala na kiu tena." Jumatatu nikalaza pipa la mwenzetu aliye likizo, lilikuwa bado stoo, likatoka tope la kijani nusu beseni. Nikampigia wifi nikamuuliza kwa ujanja kama ameanza kulitumia, akasema bado, amelisugua kwa sabuni, linangoja Jumamosi. Nikamuaga nikakata simu. Nikisema, atadai nilitaka kuwaua wanawe, na mume wangu atamwamini nani, mimi au dada yake? Chama kitaninyang'anya muhuri, meneja atanikana. Nimewaza niende nikalitoboe kimyakimya akiwa sokoni. Naogopa, mshauri. Nifanyeje?

Mimi, Mwenye Muhuri.

*

Mwenye Muhuri, nakuhurumia na nimekukasirikia, na yote mawili utayasikia. Barua yako imenifikia leo Ijumaa asubuhi. Nimepiga namba uliyoiandika mara tatu, simu umezima. Ndiyo maana naisoma hewani.

Ati ukalitoboe kimyakimya. Una wifi mmoja, lakini mapipa yaliyotoka getini ni kumi na tisa. Hayo mengine utayatoboa lini, na nyumba za nani? Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe mwenzetu unaficha maradhi ya watu ambao hata hawajaugua.

Nimezungumza na katibu wa chama chenu, jina lako sikumtajia, wala silijui. Amesema mwanachama anayejisema mwenyewe huitwa akahojiwa, pengine muhuri ukawekwa kando kwa muda. Anayeficha hufukuzwa. Tena wana gari na watu wa kuyafuata mapipa hayo nyumba kwa nyumba leo hii. Wanachokosa ni orodha, na orodha unayo wewe. Namba yao ya dharura iko nyuma ya kitambulisho chako. Kigeuze. Chama hakikuundwa ili mvae vitambulisho shingoni mkapige picha.

Kwanza mpigie wifi, kabla ya mume, kabla ya yeyote. Sema: pipa lina sumu, kosa ni langu. Usianze na habari za meneja. Mwambie sabuni haisaidii, plastiki hunywa dawa; asilisuuze tena, asilimwage, watoto wakae mbali nalo, na mwenye kuwashwa mikono aende hospitali. Halafu chama. Halafu meneja, kwa maandishi. Wifi atakutafutia jina baya kuliko bibi jalala, nawe utalibeba. Matusi hayajaua mtu.

Na ninyi mliopewa mapipa ya bluu kazini, yaacheni yalipo, msiyaguse. Na wewe uliyeletewa lako na wifi yako, kama redio iko wazi hapo jikoni: kesho usikinge maji. Pipa hilo si tupu. Na akikupigia simu, pokea.