Mtahini Mwenye Usingizi

Jumatatu, 3 Machi
Matokeo yamebandikwa. Mwili wa Binadamu na Kazi Zake: 34. Jina langu la tatu kutoka chini — nilianza kuhesabu huko, nisijichoshe. Mtihani wa marudio ni tarehe 17. Nikianguka tena, nafungasha virago. Mkuu wa idara hakumung'unya maneno.

Baba kapiga simu jioni. "Daktari, hujambo?" Siku hizi hata majirani wananiita hivyo. Nikasema sijambo. Sikusema zaidi.

Wa kwanza darasani: Fundi. 88! Yule mama mshona nguo, miaka arobaini na kitu, anayekaa mbele na kuuliza maswali ambayo sisi vijana tunayachekea viganjani. Leo sikuona wa kumcheka.

Jumanne, 4 Machi
Nimemeza kiburi. Nimemngoja Fundi mlangoni pa maabara, nikamuuliza anasomaje. Nilitegemea ratiba, kalamu za rangi, siri fulani. Yeye akaninyoosha kola kwanza. Akasema hana siri, ana mama mkwe. Niende kwake Alhamisi saa kumi, na nisichelewe, mama huyo ana usingizi wa karibu.

Alhamisi, 6 Machi
Sijawahi kuona kusoma kwa namna hii. Sebule ndogo, cherehani dirishani, magauni ya wateja ukutani. Mama mkwe kwenye kochi, miguu juu ya kigoda, imevimba. Alipika shule ya bweni miaka thelathini.

Fundi anapinda gauni huku anamsimulia somo la wiki: moyo, vyumba vinne, milango inayofunguka upande mmoja tu. Bila daftari! Likimponyoka neno la vitabuni, mama anafumba macho. Basi Fundi anafumua, anaanza upya. Mwisho mama analisimulia yeye. Akipatia, somo limeingia. Akikosea, kosa ni la Fundi.

Zamu yangu: figo. Nikamwaga yote niliyokariri. Dakika ya tatu, mkoromo.

"Usijali," Fundi akasema, sindano mdomoni. "Mimi alinilalia muhula mzima."

Jumamosi, 8 Machi
Kanikoromea tena. Aliamka mara moja, kuuliza kama nimemaliza.

Jumanne, 11 Machi
Leo nimekaa karibu na Fundi makusudi. Sisi tunanakili kila neno la mwalimu kana kwamba tunalipwa. Yeye anaandika nusu ukurasa, nusu ya pili anaiachia maswali. Na anayauliza. Leo: kwa nini mtu akipiga miayo na mwenzake hupiga? Darasa likaanza kucheka. Mwalimu akafikiri, akakiri kwamba hajui, na kwamba hata wataalamu hawajaafikiana. Kicheko kikaishia kooni. Fundi akaandika "hajui" na tarehe.

Namheshimu mno huyu mama. Na namwonea wivu, nisijidanganye.

Alhamisi, 13 Machi
Kalala? Hakulala!

Nimeacha karatasi mfukoni. Nimemwambia: mama, figo ni mtu anayesafisha stoo. Hachagui cha kutupa. Anatoa karibu kila kitu nje, kisha anarudisha ndani kinachofaa. Macho yakafunguka — stoo anaijua.

"Na chumvi?"

"Anairudisha. Na chumvi ikirudi, maji yanaifuata."

Akaitazama miguu yake.

"Miaka sita kliniki wananiambia acha chumvi. Hakuna aliyeniambia kwa nini. Nilidhani wananionea tu, mimi mpishi."

Dakika ishirini, macho wazi. Kisha akanisimulia figo yote, na kwa ufupi kuliko mimi. Nimerudi chumbani nikipiga mluzi. Nina furaha, basi.

Jumamosi, 15 Machi
Marudio keshokutwa. Nimekuja kwa Fundi kupitia mara ya mwisho. Nimemkuta mama ananingoja na mfuko wa dawa mapajani. Akatoa pakiti moja.

"Hii ndiyo ya kunikojoza. Umenieleza figo, nieleze na hii. Maana nimeiacha tangu mwezi uliopita. Chooni kila saa, na magoti yenyewe haya."

Cherehani ikanyamaza. Fundi hakujua. Kila asubuhi anampa kidonge mkononi, mama anakificha chini ya mto. Yule wa kwanza wetu darasani akapiga magoti sakafuni, akabonyeza mguu kwa kidole. Shimo likabaki. Hakugomba. Alisema tu, taratibu, kwamba amemsimulia mama mwili mzima na hakuwahi kumuuliza habari za mwili wake. Kisha akatoka kutafuta teksi ya kwenda kliniki. Mimi nimwandae mama.

Mama haandaliki. Hapandi gari asilojua sababu yake. Anataka kujua kidonge kinafanya nini, na kwa nini siku hizi akilala chali kifua kinambana. Hilo la kifua hakumwambia mtu! Ni swali la sita la mtihani ule, alama kumi. Nililiacha wazi. Ukurasa huo niliuruka, mrefu.

Nimeomba dakika mbili. Niko kizingitini na kitabu cha Fundi, nimeusoma ukurasa. Nauandika hapa kwa maneno ya mama, nione kama unasimama:

Kidonge kinamwambia mtu wa stoo, chumvi usiirudishe. Ikitoka, maji yanatoka nayo. Moyo ukichoka na maji yakabaki, yanakaa miguuni. Ukilala, yanapanda kifuani. Ndiyo maana twende sasa, si Jumatatu.

Honi nje. Fundi ameshika mlango wa teksi, haniharakishi, ananitazama tu. Mama amevaa kiatu kimoja. Cha pili amekishika mkononi.

"Haya," anasema. "Kaa hapa, unieleze."