Alama ya Mkaa Ukutani

Mkuza, Kibaha

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo dada. Miguu inakusumbua bado? Na shemeji, kile kikohozi kimemwachia? Mikorosho ya huko Msimbu imetoa maua? Mimi huku ni mzima kuliko wazima wenyewe. Mke wangu Mama Zuhura anakusalimu, na anasema nisiandike uongo. Nimeamua kuandika maana kwenye simu unanikatiza, halafu ukinisikia nahema unaanza kulia. Barua huwezi kuikatiza.

Kwanza kifua. Waliponipasua kule mjini kutengeneza kilango cha moyo, daktari alishtuka, akawaita wenzake: "Njooni muone, huyu mzee ana moyo wa nyati!" Sikumsikia kwa masikio, nilikuwa nimelazwa usingizi kwa dawa, lakini nilijua tu. Mfupa wa kifua wakaushona kwa waya. Nadhani ni waya wa nguzo za umeme, kwa sababu nikipita karibu na redio ya jirani inakoroma.

Sasa kila Jumanne nakwenda kliniki ya mazoezi hapahapa Kibaha. Anayetufundisha ni binti mmoja, Sista Neema, sauti ya upole ila macho ya mwalimu mkuu. Siku ya kwanza akanipa kifaa cha kuminya kwa kiganja, kina mshale wa kuonyesha nguvu. Nikamwambia, "Binti, nisije nikakivunja. Kiganja hiki kilivuta lori la mchanga kule Ruvu, magurudumu yote yamezama, na dereva yuko ndani anakula wali."

Nikaminya. Mshale ukatikisika, ukalala. Nikasema kimeharibika.

Sista akampa bibi mmoja wa Mlandizi, kapasuliwa kama mimi, hana hata jino. Bibi akaminya, mshale ukanipita. Akanigeukia: "Baba, hilo lori lilikuwa la bati la watoto?" Wagonjwa wote wakacheka huku wamejishika vifua.

Nilicheka nao, lakini dada, hapo ndipo nilipoogopa. Nilimkumbuka binti yako Mwajuma. Kwetu mwali hakanyagi udongo siku ya harusi, mjomba humtoa ndani mabegani mpaka mkekani. Wewe ulitolewa hivyo, nilikuwepo, nililia kwa wivu. Na Mwajuma nilimwahidi kumbeba mimi mwenyewe, sasa kamaliza mafunzo ya ushonaji, harusi ni mwezi ujao, na uliniambia amekataa kubebwa na mwingine.

Basi Mama Zuhura alipokwenda sokoni, nikalitazama gunia la mpunga pale kona nikasema hili ni uzito wa mwali. Nikalikumbatia, nikanyanyua. Kifua kikalia ka! Nikaanguka magotini na gunia langu. Mama Zuhura aliporudi alinikuta bado nimelikumbatia, jasho linanitoka. Akasema, "Bwana harusi, mke wako huyo mnene." Halafu akaenda jikoni, nikamsikia analia.

Jumanne nilimsimulia Sista Neema yote, akanipima, akashukuru waya haujafumuka. Akanikalisha. "Baba, mfupa bado haujashikana. Ukiachia tunakurudisha meza ya upasuaji. Wewe utambeba mwali, na wewe atakubeba nani?" Nikamwomba anionyeshe zoezi langu.

Toka siku hiyo nafanya alichonifundisha. Nasimama ukutani, natembeza vidole kupanda polepole kama kinyonga, na pale ninaposhindwa Mama Zuhura anachora alama ya mkaa. Ya kwanza ilikuwa usawa wa chuchu. Wakati ule shati nilivishwa, nywele nilichanwa, hata kanzu ya Ijumaa nilishindwa kuipitisha kichwani. Leo mkaa umefika paji la uso, na shati nimevaa mwenyewe, vifungo vyote.

Kwa hiyo nakwambia hapa, ambapo hutanikatiza: mabega yangu hayatambeba Mwajuma. Mwombe anisamehe. Tandikeni kanga kutoka mlangoni mpaka mkekani, atembee juu yake, udongo usimguse. Mimi nitakwenda ubavuni kwake nimemshikia mwavuli, mikono yote miwili. Sista kakubali, mradi mkono uwe umefika juu bila maumivu.

Nisalimie shemeji, na mama mdogo aliyetulea, na shangazi wa vitumbua, mwambie daktari kanikataza mafuta, hajanikataza kumkumbuka.

Na nina ombi moja. Mwajuma amerefuka sana tangu tulipoachana. Msimamishe ukutani, mpime kwa kamba toka kisigino mpaka utosini, ongeza shibiri mbili za nafasi ya mwavuli, kisha nitumie kamba hiyo. Nitaitundika hapa kando ya alama zangu nijue mkono umebakiza kiasi gani. Na dada, nakujua wewe: usiikate fupi kwa kunihurumia.

Mdogo wako akupendaye,
Kibwana, mjomba wa mwali