Nyambura Amesugua Utando

Wajina wangu Wangari,

Tangu mvua ya masika hujakanyaga Mweiga, na hapo Nyeri ni karibu. Ni mguu unakuuma ama ni roho? Mimi nyanya yako mzee nimefika mpaka Kutus kwa dada yangu Nyambura, na nimekasirika.

Unakumbuka ile sempavivamu uliyonipa, ya majani manono yaliyojikunja kama kabichi ndogo, na utando mweupe juu kama wa buibui? Nilimgawia Nyambura mtoto mmoja wa mmea huo, chipukizi la ubavuni. Nimeukuta kijani tupu, umechubuka. Nikamwambia huu si wangu.

"Ni huo," akasema. "Jumuiya ya kanisa ilikuwa inakuja kuomba, nikausugua na brashi na sabuni. Ulitaka waseme niko na buibui?"

Ati buibui! Mmea wenyewe ndio hufuma huo utando, na ndio tunaoujulia. Tulinuniana mpaka mukimo wa viazi na mahindi ukapoa. Lakini leo nimeona katikati umeanza kufuma tena, uzi mwembamba tu.

Vaa sweta, mtoto wangu. Na siku utakayokuja Mweiga, zungukia Kutus kwanza umnyang'anye Nyambura hiyo brashi.

Shosho wako