Presha Isiyotulia

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mvua zimeshaanza huko Zombo, au bado mnaangalia mawingu tu? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo hautulii. Barua hii nimeianza mara tatu, kila mara nikainuka kwenda kuangalia mtungi.

Uliniuliza kazi yangu huku Norwe ni nini hasa. Ni hivi, mama. Nina mtungi mnene wa chuma. Ndani natia maji yenye dawa iitwayo amini, inanuka kama samaki aliyelala. Kisha naingiza kwa presha kubwa hewa ya ukaa, ile inayotoka na moshi wa viwandani. Dawa inaimeza hewa hiyo, na kadiri inavyomeza, presha inashuka. Ikitulia, najua imemeza kiasi gani.

Kwa miezi mitatu majibu yangu yalikuwa mazuri mno. Dawa yetu ilimeza kuliko zote zilizowahi kupimwa hapa. Profesa wangu, mama mmoja aitwaye Ingrid, alinipongeza mbele za watu. Tungeyasoma majibu hayo kwenye mkutano wa wanasayansi, halafu ningekuja Mikumi kwenye harusi ya mdogo wangu Neema.

Lakini presha ilikuwa haitulii. Inashuka, inasimama, inashuka tena. Wiki iliyopita nikausafisha mtungi, nikaujaza hewa peke yake bila dawa. Hakukuwa na kitu cha kuimeza, mama, na presha ikashuka vilevile! Nikapaka povu la sabuni kwenye kifuniko, kama fundi baiskeli anavyotafuta pancha. Vipovu vikaota, kimoja kimoja.

"Kaza nati, nyamaza," akaniambia Anil, mwenzangu wa maabara. "Nani atajua? Nenda harusini."

 Siku ya tatu nikaenda kwa Profesa.

"Dawa haikumeza hivyo," nikasema. "Mtungi unavuja."

"Tangu lini?"

"Sijui. Huenda tangu mwanzo."

Alivua miwani. Kisha akasema, "Tunajitoa mkutanoni. Utarudia yote, na mimi nitakaa nawe kupima."

Ndiyo maana sitakuja. Jana, baada ya kubadili mpira wa kifuniko, presha ilitulia kwa mara ya kwanza. Namba ya hewa iliyomezwa ni ndogo. Dawa yetu ni ya kawaida tu. Nililia, na sijui nilikuwa nalilia namba au harusi.

Mweleze Neema wewe, maana mimi kila nikishika simu naiweka chini. Nisalimie baba mdogo na pikipiki yake, na shangazi muuza vitenge wa Kilosa mjini. Mwambie shangazi yeye ndiye atakayemvisha bibi harusi badala yangu. Neema akikasirika, mwacheni akasirike. Ila asitoke kwenda kanisani kabla hajanipigia. Nitakuwa nimesimama, simu mkononi, tangu alfajiri.

Ni mimi binti yako,
Tumaini