Bia ya Moto Ugenini

Dada yangu,

Kifua cha mama kimepona? Mimi nahudumu kwenye baa. Huku watu hunywa bia ya moto, tena kwa glasi. Siku ya kwanza nilimfungulia mteja mmoja, fundi saa, chupa ya baridi mezani, kama kwetu, akacheka: "Mwanangu, hii ni ya kuoshea miguu!"

Jana nilimwomba bosi pasipoti yangu nirudi nyumbani. "Kwani hapa unakosa nini?" akasema, akatia mfukoni ufunguo wa kabati alimoifungia.

Fundi saa alisikia. Bosi alipotoka, akaniambia polepole, "Hata mimi nilifika hapa nikipenda ya baridi. Nilikuja kwa mwaka mmoja. Huu ni wa thelathini."

Mama mwambie nimenenepa. Wewe ipeleke barua hii uhamiaji, leo hii hii.

Mdogo wako