Jina Langu Limetoka, la Mama Limebaki

Jumamosi, mwezi wa saba. Asubuhi baridi imeuma mpaka nimevaa sweta mbili, na vumbi jekundu la mtaa wetu wa Bel-Air limeingia kila mahali, hata kwenye chai.

Nikiri mapema: nimeamka vizuri, redio ndiyo imeniharibia. Wamesoma majina ya magwiji wa rap wa Lubumbashi. Nimesikiliza kijiko kikiwa hewani. Jina langu halimo.

Miaka ishirini iliyopita nilikuwa msichana pekee aliyeshika maikrofoni katika wilaya yetu nzima ya Kampemba, au ndivyo ninavyopenda kusimulia. Siku hizi nauza vitenge. Mteja akiniuliza kama niliwahi kuimba, namwambia ni mambo ya zamani, halafu nampimia kitambaa.

Wakati ule wenzangu walikuwa wakitupa mabanga, yaani kutaja majina ya mabosi na waheshimiwa ndani ya nyimbo ili nao waonekane watu. Mimi sikumjua mkubwa yeyote. Katika wimbo wangu nikawataja wamama waliopanga bidoni zao, yale madumu ya maji, kwenye bomba la avenue yetu, wa kwanza akiwa mama yangu mzazi, Mama Ngalula, ambaye hakuna aliyewahi kumtangulia pale. Mwishoni, kwa majivuno, niliweka jina langu la usanii mara tatu.

Wenzangu walinicheka. Wimbo huo niliuimba mara chache tu pale mtaani, kisha nikaona aibu, nikauacha. Haukurekodiwa kamwe. Mama naye alifariki miaka sita iliyopita.

Leo mchana, nikitoka sokoni, nimekuta wasichana wanacheza nzango, wanarukaruka, wanarusha miguu, wanapiga makofi. Na wanaimba:

"Mama Ngalula, lamuka, mayi inakuya!"

Amka, maji yanakuja: ni wimbo wangu.

Nimeweka mzigo chini nikaimba nao, kwa haraka nikaanza na Mama Safi, mwingine wa wale wamama wa bomba. Mdogo wao, asiye na meno mawili ya mbele, akasimamisha mchezo mzima.

"Hapana, mama. Haiko vile. Banaanzaka na Mama Ngalula."

Nimekosea mistari yangu mwenyewe, na mtoto wa miaka minane amenisahihisha.

Nikamuuliza wimbo ni wa nani.

"Haiko ya muntu. Iko ya nzango."

Jina langu hawalijui. Mwishoni, mahali pake, wameweka la mwalimu wao. Nilitaka kusema ni mimi, badala yake nikabeba mzigo wangu nikaondoka.

Nimelia njiani, halafu nimecheka peke yangu kama mwehu. Wale waliosomwa redioni nawaheshimu, wengine nawapenda kabisa. Lakini wale waheshimiwa waliotajwa na wenzangu, nani anawaimba leo? Mama yangu, aliyeishi na bidoni kichwani, ameitwa kwa sauti na wasichana ambao hawakuwahi kumwona. Kwangu mimi gwiji ni yule ambaye maneno yake yanatembea bila yeye, na watu aliowapenda wanatembea nayo.

Nimeshinda, shajara. Niache nijisifu, hapa si redioni.

Nimetoa daftari la zamani. Pale kona kuna mama anayekaanga vitumbua tangu nikiwa mdogo, na hakuna aliyewahi kumtaja. Kesho naanza naye wimbo mpya. Jina langu nitaliweka mwishoni, mara moja tu, ili watoto wapate la kuondoa.