Mama Lim kamwombea binti yangu kwenye kipaza sauti

Siok-eng! Nimetoka kanisani sasa hivi.

Ile siri ya Peijun na mpenzi wake wa kike, Hsinyi, niliyomnong'oneza Mama Lim ili tuiombee wawili tu? Kaisema kwenye kipaza sauti!

"Bwana, Jumamosi ni kura ya maoni. Tuepushe na ndoa za wanawake kwa wanawake. Mtoe Peijun, binti wa dada A-kim, kwenye giza hilo."

Na Peijun yuko pale pale kwenye piano! Kanisa zima likaitika amina. Amina, Siok-eng!

Mwanangu akafunika piano, akatoka.

Nikamfuata yule mama: "Nilikuamini." Anajibu huku anagawa tambi za baada ya ibada, "Dada, kwa Mungu hakuna siri. Kula kwanza."

Kula kwanza! Nikamwambia, "Mdomo wako huo usimtaje tena mwanangu, hata ukisali."

Tukikutana kwenye darasa letu kesho jioni, usiwaambie wenzetu.

Unajua kura yangu Jumamosi ilikuwa iwe hapana kwa ndoa hizo. Nimefunga na kuomba kwa ajili ya hiyo hapana.

Sasa nimesimama mlangoni kwa Peijun, hataki kufungua. Namsikia Hsinyi ndani anambembeleza: "Ni mama yako. Usimwache nje."